Nyama mara mbili kwa wiki: tuliyopitia nyumbani kwetu Tanga

Nyumbani kwetu Ngamiani nyama ilipikwa karibu kila siku. Asubuhi baba watoto alipitia supu na chapati kabla ya kuingia kazini bandarini. Mchana ulikuwa wali na mchuzi wa nyama, na jioni, hasa siku Coastal Union ikicheza Mkwakwani, alirudi na mishkaki. Hatukuwa matajiri. Tulianza maisha kwa shida, siku nyingi tukila ugali na mchicha wa maji na chumvi, na mambo yalipokaa sawa nyama ikawa ndiyo dalili yake. Mtoto wa kwanza alipoanza shule nilijisikia fahari kumpakulia finyango mbili wakati mimi nilikua nikigawana moja na ndugu zangu.

Naandika kwa ajili ya wale walioambiwa na daktari "punguza nyama nyekundu", wakarudi nyumbani wasijue waanzie wapi. Neno hilo hospitalini linatamkwa kwa dakika moja. Jikoni linachukua miezi.

Kwetu sababu ilikuwa jongo, yaani gauti. Usiku mmoja mume wangu aliamka akilia kama mtoto, ameshika kidole gumba cha mguu. Kilikuwa kimevimba, chekundu, cha moto, na hata shuka likikigusa alipiga kelele. Mama mkwe akasema amekanyaga kitu. Huku kwetu ukivimba mguu ghafla bila kujikwaa hilo ndilo neno la kwanza utakalosikia, na sikuona vibaya alivyolisema, maana alisema kwa uchungu wa mwanawe. Tulikwenda kwa mtaalamu wa mitishamba, pakatumika fedha, mguu ukatulia baada ya siku kadhaa, tukashukuru. Wengi hawajui kwamba jongo la mwanzo hutulia lenyewe hata usipofanya lolote, kwa hiyo kila dawa utakayotumia itaonekana imeponya. Likarudi. Likatulia. Likarudi na kuhamia kifundo cha mguu mwingine, akashindwa kwenda kazini. Ndipo damu ikapimwa.

Daktari alitueleza kwa utulivu. Ndani ya vyakula kuna kitu kinaitwa pyurini, mwili ukikivunja hutoka asidi ya yuriki, na figo ndizo zinazoitoa kwa mkojo. Ikizidi, au figo zisipoitoa vya kutosha, inaganda kuwa vijiwe vidogo kama sindano ndani ya maungio, na kidole gumba cha mguu ndicho kinachopendwa zaidi. Nyama nyekundu ina pyurini, na maini, figo na moyo wa ng'ombe vina nyingi kupita nyama yenyewe. Kisha akatuambia jambo ambalo mume wangu hakulitarajia: pyurini huyeyuka kwenye maji. Nyama ikichemshwa kwa muda mrefu, sehemu kubwa hubaki kwenye supu. Yeye alikuwa akiacha minofu na kunywa supu yote, akiamini anajiepusha na nyama. Bia nayo inapandisha yuriki, na soda zenye sukari vilevile. Mume wangu hanywi bia, lakini soda ya baridi baada ya kazi ilikuwa haimpiti.

Siku hiyo presha pia ilikutwa iko juu. Akaandikiwa dawa, na tukaambiwa nyama nyekundu isizidi mara mbili kwa wiki, kipande cha wastani.

Kabla sijaeleza tulivyopika, nitaje mambo mawili ambayo watu walituambia kwa nia njema na ambayo yangetupoteza.

La kwanza lilikuwa samaki. Tupo Tanga, soko la samaki la Deep Sea tunalifikia kwa miguu, kwa hiyo kila mtu alisema: acha nyama, kula samaki na dagaa. Shemeji yangu wa Pangani ana ugonjwa huohuo, na alifanya hivyo hasa. Akaacha ng'ombe, akala dagaa asubuhi na jioni, akazidi kuumwa. Dagaa wana pyurini nyingi sana, na samaki wengine kadhaa wanazo za kutosha. Samaki wa kawaida kama changu au tasi kwa kiasi ni sawa kwa wengi na ni chakula kizuri cha moyo, ila mwenye jongo asidhani amehama hatari kwa sababu amehama bucha. Na bahari yetu nayo imechoka. Miaka mingi ilipigwa baruti, matumbawe yakavunjika, na moja ya sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapa Tanga mwaka 2009 ni kuilinda pwani hii, pamoja na yule samaki wa kale ambaye imepewa jina lake. Sisi wote tuliozoea nyama tukihamia baharini kwa mkupuo, wavuvi wa Tongoni na Kigombe watavua nini baada ya miaka kumi?

La pili lilikuwa maharage. "Mwenye jongo asile maharage" ni maneno utakayoyasikia hata kwa watu waliosoma. Kweli maharage, kunde na mchicha vina pyurini. Lakini mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ukaonyesha kwamba waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata jongo zaidi, waliokula mboga zenye pyurini nyingi hawakupata zaidi, na waliotumia maziwa kwa wingi walipata kidogo. Afisa lishe ndiye aliyetueleza, na alimwambia mume wangu moja kwa moja: "Baba, kula kunde zako bila hofu." Neno hilo lilituokoa. Bila hilo tungebaki na ugali na kabichi peke yake, na nyumba yangu isingevumilia.

Maana wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Sitaficha. Mume wangu alikaa mezani kimya, akasukuma sahani, akaenda kulala. Kijana wetu wa mwisho aliuliza kama baba amefukuzwa kazi. Mimi nilikuwa nachoka mara mbili, kwa kupika vitu vipya na kwa kuona havikuliwi. Kuna jioni nilimkuta baba watoto anakula chipsi na soda kibandani, na sikumlaumu, alikuwa na njaa. Lakini hapa pana shimo ambalo nimeona nyumba nyingi zikitumbukia: nyama inaondoka, na nafasi yake inachukuliwa na chipsi, maandazi, mkate mweupe na chai ya sukari nyingi. Huyo hajapunguza ugonjwa. Amebadilisha aina yake.

Ramadhani ndiyo iliyonifungua macho. Nilikuwa nimeandaa futari kama tulivyozoea miaka yote: magimbi ya nazi, kunde, ndizi mbichi, tambi, uji wa pilipili manga, na shelisheli ambalo mama mkwe alileta kutoka Muheza. Katika sinia lile hapakuwa na kipande cha nyama, na mume wangu alikula mpaka akajiegemeza ukutani. Hakuuliza nyama iko wapi. Watoto hawakuuliza. Na asubuhi za kawaida, nje ya mwezi mtukufu, Tanga nzima inakula mbaazi za nazi na mahamri, na hakuna anayejihisi amenyimwa kitu.

Basi chakula tulikuwa nacho siku zote. Kilichotufunga ni kwamba tumekipa saa yake: mbaazi ni za chai ya asubuhi, magimbi ni ya futari, na mchana ukimpa mtu wali bila nyama umemvunjia heshima. Nikaanza kuvihamisha. Mbaazi zikaenda mchana na wali. Kunde za nazi zikaenda na ugali wa muhogo. Makande ya Kisambaa, ambayo mama yangu mzazi alitulea nayo Lushoto na ambayo niliyaacha nilipoolewa mjini kwa kuona ni chakula cha shamba, yakarudi siku ya Jumatano. Hapo ndipo nyumba ilianza kutulia.

Kupika ndiyo kila kitu katika safari hii, na hapa nitakaa kidogo.

Nilisaidiwa sana na mama mmoja wa Kihindi, jirani wa siku nyingi upande wa sokoni. Kwao kwa dini hawagusi nyama, na ukoo wao umeishi Tanga vizazi na vizazi. Nilikuwa nikinunua kwake bizari bila kuwahi kumuuliza anapika nini nyumbani. Nilipomweleza shida yangu aliniita jikoni kwake. Akaniambia, "Dada, usimpe mumeo maharage ya kuchemsha ukamwambia hii badala ya nyama. Atakuchukia. Mpe dengu, iitwe dengu, iwe tamu kama dengu." Akanionyesha: dengu zimechemka zimelainika, pembeni mafuta kidogo yanapata moto kweli, inaingia haradali mpaka ipasuke, jira, pilipili kavu, kitunguu saumu, kisha mafuta yale yanamiminwa juu ya dengu yakiwa bado yanalia. Mwisho ukwaju. Mume wangu aliongeza sahani.

Nilijifunza kwamba tulichokuwa tunakitamani kwenye nyama ni zaidi ya nyama yenyewe. Ni kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, nyanya iliyopikwa mpaka mafuta yakajitenga, tangawizi, na chumvi. Vyote hivyo unaweza kuvipa mbaazi. Shida ni kwamba wengi wetu tukipika nyama tunaitumia muda, na tukipika maharage tunayachemsha, tunatia kitunguu kibichi na chumvi, tumemaliza. Mpe mbilingani au nyanya chungu muda uleule uliokuwa ukiipa nyama uone.

Maharage, mbaazi na kunde kavu ninaziloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji na kutia mengine. Kuloweka kunapunguza gesi tumboni, jambo linalowakatisha tamaa wengi wiki ya kwanza, na kunapunguza sana muda wa kupika. Hili la muda si dogo. Mtu anayepunguza nyama kwa kuhurumia mazingira, kisha anachemsha maharage makavu kwa saa nne juu ya mkaa, ajue mkaa nao ni miti. Mimi nilinunua presha kuka, ikanigharimu fedha ya nyama ya wiki kadhaa, na imejirudisha. Napika maharage mengi kwa mara moja, nayagawa, mengine yanaingia kwenye friza. Siku umechelewa kutoka kazini, maharage yaliyokwisha kuiva ndiyo yatakayokuzuia usitume mtoto bucha.

Magadi sitii. Yanalainisha haraka, lakini yana sodiamu, na mume wangu ana presha. Yanaharibu pia baadhi ya vitamini. Tumbo lisilozoea lipewe kidogo kidogo, vijiko vikubwa viwili vya kunde pembeni ya mboga nyingine, kisha uongeze kadiri siku zinavyokwenda.

Tui la nazi nalipenda na sitaliacha, mimi ni mtu wa pwani. Lakini tui zito lina mafuta mengi ya aina ambayo mwenye matatizo ya moyo anatakiwa kuyapima. Siku hizi napikia tui jepesi, tui zito naweka kidogo mwishoni kwa ajili ya harufu, na siku nyingine natumia karanga za kusaga kwenye kisamvu au mchicha. Nazi yenyewe imepanda bei, hivyo mfuko nao umeshukuru.

Nizungumzie fedha, maana ndilo swali ninaloulizwa kwanza na wenzangu wa kikoba. Nilipoandika haya, kilo ya nyama ya ng'ombe kwetu ilikuwa shilingi 10,000 na wakati mwingine zaidi. Kilo ya maharage mazuri ya Lushoto ilikuwa 3,000 hivi, nayo hupanda na kushuka kwa msimu. Maharage makavu gramu 100 yana protini gramu 21 hivi, karibu sawa na nyama mbichi isiyo na mafuta. Usidanganyike lakini: maharage yakiiva yanavimba kwa maji, kwa hiyo sahani ya maharage ina protini pungufu kuliko sahani ya nyama ya ukubwa huohuo. Inabidi yawe mengi kidogo, na yaende na nafaka, kwa sababu kile kinachopungua kwenye protini ya maharage kimo kwenye mahindi na mchele, na kinachopungua kwenye mahindi kimo kwenye maharage. Bibi zetu waliochanganya makande hawakusoma hilo popote.

Akiba ipo, ila mwanzoni haikuonekana. Nilinunua bizari nyingi, mafuta, matunda, mboga za aina nyingi kwa wakati mmoja kwenye soko la Mgandini, nyingine zikaoza. Ilichukua muda kujua kwamba magari ya mboga kutoka Lushoto yakishusha mzigo, karoti na kabichi hushuka bei siku hiyo, na mvua zikizidi barabara ya milimani inasumbua na bei inaruka. Majani ya maboga, matembele na mnavu wa hapahapa ni rahisi karibu mwaka mzima. Anza na hayo.

Watu ndio mtihani wa pili baada ya jiko. Wifi yangu alikuja kutoka Dar es Salaam, akakuta mchana ni wali, mbaazi na kachumbari. Akala kidogo. Baadaye akaniita uani.

"Wifi, mna shida? Kama kaka yangu amekwama niambie, mimi si mgeni hapa."

Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu najua alisema kwa upendo. Kwetu mgeni ni nyama. Ukimkaribisha mtu na mbaazi unamwambia hukumtarajia au huna. Mume wangu alisikia, akatoka na kumjibu mwenyewe: "Dada, mguu unaouma ni wangu. Mkewangu ananipikia ninachoomba." Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu huu: mgonjwa mwenyewe ndiye aseme. Mke akisema, anaonekana bahili. Na mgeni wa mbali akija, nyama ipikwe, iwe ile moja kati ya mara mbili za wiki. Heshima ya mgeni haina haja ya kugombana na afya, ukiihesabu mapema.

Binti ya kaka yangu, ambaye ana moyo wa kusaidia, alichukua njia nyingine. Akawa anatuma kwenye kundi la familia ujumbe wa kutisha: nyama ni sumu, nyama ni saratani, mla nyama ni mvuta sigara. Wazee wakakasirika, vijana wakacheka, na watu wawili waliokuwa wameanza kunisikiliza wakaacha. Nilikaa naye nikamwomba tuseme kilicho kweli. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2015 kwamba nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na jamii yake, zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba gramu 50 kila siku zinaongeza uwezekano huo kwa asilimia 18 hivi. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa ngazi ya chini yake, kwamba huenda inasababisha. Soseji ziliwekwa kundi moja na sigara kwa maana kwamba ushahidi wa madhara ni thabiti kwa vyote viwili. Madhara ya sigara ni makubwa zaidi kwa mbali sana. Ukimwambia mtu soseji ni sawa na sigara, siku akigundua ulivyozidisha hatakuamini tena hata kwenye lililo kweli. Nyumbani kwangu soseji zimekoma kabisa kwenye vikapu vya shule, na watoto wanabeba mayai, karanga au bajia za kunde.

Kutisha hakukumbadilisha mtu yeyote katika ukoo wetu. Waliobadilika ni wale walioonja. Kwenye kikoba chetu nilipeleka bakuli la dengu bila kusema neno, na wiki iliyofuata mwenzangu mmoja akauliza zile haradali zinauzwa duka gani.

Kuna watu ambao sitawahimiza wapunguze. Binti yangu mkubwa alirudi nyumbani kwa ajili ya uzazi wa kwanza wakati nyumba imeshazoea chakula kipya, naye akataka ale kama baba yake. Nilikataa. Mjamzito na mtoto mdogo wanahitaji madini chuma ambayo mwili unayachukua kwa urahisi zaidi kwenye nyama, na vitamini B12 haipatikani kwa kawaida kwenye mimea. Aliendelea kula nyama kidogo, mayai, maziwa na samaki, pamoja na vidonge vya kuongeza damu vya kliniki. Jirani yake wa rika moja, naye mjamzito, aliacha vyote kwa mpigo baada ya kusoma kwenye simu, na kliniki walimkuta damu imeshuka. Sisi wengine tuliobaki na maharage na mboga za majani tunakamulia ndimu au tunamalizia na chungwa la Muheza, kwa sababu vitamini C inausaidia mwili kuchukua chuma cha mimea. Chai tunaiweka mbali na chakula, angalau saa moja, kwani inakizuia chuma hicho. Kwa watu tuliozoea kuteremshia wali na chai ya rangi, hili lilikuwa gumu kuliko kuacha supu.

Wala simwambii apunguze mtu wa kijijini anayeonja nyama siku ya Idd. Watanzania wengi wanakula nyama kidogo mno. Ninaongea na sisi wa mjini tulioifanya ya kila siku.

Kaka yangu analima Handeni, na kwake ndiko nilikoelewa kwamba jambo hili linavuka mguu wa mume wangu. Amekuwa na kesi za mifugo kuingia shambani miaka na miaka. Yeye hawachukii wafugaji, wengine ni marafiki zake, na anasema malisho na maji yakipungua mfugaji afanyeje? Mji ukitaka nyama zaidi kila mwaka, ardhi ya kuilisha itatoka wapi kama si msitu au shamba la mtu? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2013 kwamba ufugaji duniani unachangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Sehemu kubwa ni methani ambayo ng'ombe huitoa anapocheua, na kwa kipimo cha miaka 100 methani hulipasha joto anga takribani mara 28 kuliko hewa ukaa kwa uzito uleule. Mkulima anayesubiri vuli isiyofika hahitaji kuelezwa sana maana ya joto hilo.

Mbaazi na kunde zinafanya kinyume. Mizizi yake, kwa msaada wa vijidudu, inachukua naitrojeni ya hewani na kuiacha ardhini, na kaka anapanda mahindi msimu unaofuata palepale bila mbolea nyingi. Mbaazi ina mizizi mirefu, inavumilia ukame ambao mahindi hayauwezi. Lakini mwaka 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, na bei hapa nchini ikaporomoka vibaya. Wapo waliouza kwa hasara, wapo walioacha kuvuna. Niliumia nilipomsikia kaka akieleza, kwa sababu mwaka uleule mimi nilikuwa nanunua nyama kila siku na mbaazi nikizila asubuhi tu. Soko la mbaazi zake lingeweza kuwa hapa Ngamiani.

Mwaka jana tulimwozesha kijana wetu. Mpishi wa pilau alikuja na hesabu yake ya kawaida, nusu kilo ya nyama kwa kila kilo ya mchele. Tulimwomba aweke robo, akate vipande vidogo ili kila sahani ipate, aongeze viazi na dengu nzima, na pembeni zipikwe mbaazi za nazi za kutosha. Mpishi alikataa mwanzoni, jina lake lingechafuka. Mama mkwe ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, pika. Lawama nitabeba mimi." Mbaazi ziliisha kabla ya pilau. Fedha iliyobaki ililipia viti na turubai.

Hali ya baba watoto ni nzuri. Maumivu yamekuwa ya nadra, presha imeshuka, soda ameacha, na maji anakunywa kwa wingi. Dawa bado anazitumia. Daktari alisema wazi kwamba kwa wengi wenye jongo chakula peke yake hakishushi yuriki ya kutosha, na nimewaona walioacha vidonge kwa kujivunia mboga wakarudi kitandani. Kabla ya kubadilisha chakula alipimwa figo pia, nawe uliza kipimo hicho, hasa kama una kisukari au presha ya muda mrefu. Maharage, ndizi na mboga za majani zina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka hushindwa kuitoa, ikaenda kuusumbua moyo. Majibu yake yalitoka safi, ndipo nikamwagiza kaka gunia la mbaazi.